Kondoo Niliyemrudisha kwa Barua

Wasifu wa marehemu Paskali Hhando, uliosomwa mbele ya jeneza lake nyumbani kwake Karatu, ulikuwa na makosa manne. Jina la baba yake liliandikwa kwa herufi pungufu. Alitajwa kuwa mhudumu wa josho, ilhali alikuwa mchanja mifugo, na tofauti ya kazi hizo mbili anaijua kila mtu aliyewahi kumshika ng'ombe pembe. Ilisemwa pia kwamba alioa baada ya kujenga nyumba, na mjane wake, aliyeketi pale kwenye mkeka, akatikisa kichwa, maana alikumbuka vizuri ni miguu ya nani iliyokanyaga udongo wa yale matofali. Makosa hayo matatu niliyasahihisha siku ile ile, kwa kalamu, pembezoni mwa karatasi, nikamrudishia kijana wa kamati ya mazishi aliyeisoma. Alinishukuru kwa adabu, huku uso wake ukisema kwamba wastaafu wa serikali ni mzigo ambao kila msiba sharti uubebe. Kosa la nne halikuenea pembezoni. Lilisomeka hivi: “Marehemu alistaafu katika cheo kile kile alichoajiriwa nacho, kwa kuwa hakujaliwa bahati ya kupanda daraja.” Nilifanya kazi masjala tangu ujana hadi kustaafu, nami naweza kuthibitisha kwamba bahati haina jalada. Mtu asipopanda daraja ipo karatasi iliyomzuia, na karatasi haijiandiki. Ile iliyomzuia Paskali niliiandika mimi.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walikuwa nani. Hayo yamo katika fomu zangu za ajira. Naanzia siku niliyoshuka Karatu nikiwa na sanduku la bati na barua iliyonieleza kuwa mimi ni karani katika ofisi ya mifugo, kwa muda wa majaribio wa mwaka mmoja. Mwaka huo ndio ninaouandika hapa. Ofisi haikuwa na nyumba ya kunipa, na vyumba vya kupanga mjini vilikuwa vimejaa vibarua wa mashamba ya kahawa waliotoka Singida na Dodoma. Mchanja mifugo, mtu mrefu aliyenizidi miaka kama minane, alilitazama sanduku langu, akanitazama na mimi, kisha akalibeba bila kuniuliza. Nilimfuata kwenye njia ya udongo mwekundu ulionata viatuni mpaka miguu ikawa mizito kama ya mtu mwingine. Mlangoni mkewe, Mama Bura, alikuwa na mtoto mgongoni. Walisemezana maneno machache kwa Kiiraqw, kisha akanigeukia kwa Kiswahili.

“Karibu, shemeji. Chumba kipo, ila una wenzako humo.”

Wenzangu walikuwa mbegu. Mahindi ya mbegu yalining'inia darini yakiwa yamefungwa kwa maganda yake. Maharage na mbaazi zilikaa kwenye vyungu vilivyozibwa kwa majivu, na gunia la ngano liliegemea ukuta wa jikoni, mahali ambapo moshi ulipenya na kufukuza wadudu. Kitanda changu kiliwekwa kati ya ngano na ukuta huo. Mama Bura alinionyesha kila chungu kama mtu anayetambulisha wazee wa kikao. “Humu hukaa vitu visivyoliwa hata njaa ije,” alisema. “Kwa hiyo ukilala humu, shemeji, hatutakula.” Nimekwisha kulala katika nyumba nyingi za serikali tangu hapo, nyingine zenye madirisha ya vioo na maji ya bomba, na katika zote sijapata tena usingizi wenye harufu ile ya moshi na nafaka kavu, na sauti za watu wanaopendana zikivuja ukutani.

Naandika “wanaopendana” nikijua uzito wake. Katika mwaka ule nilimwona Paskali akifanya mambo ambayo wanaume wa rika lake waliyacheka waziwazi. Akirudi kazini alivua viatu nje, akauliza kwanza “Mama Bura yuko wapi?” kabla hajauliza kilichopikwa. Bura, aliyekuwa anaanza kutembea, alikula kwenye sahani ya baba yake na si kwingine, akitumbukiza mkono mzima kwenye maziwa ya mgando. Mama Bura alipojifungua mtoto wa pili, Paskali alipika makande na kuteka maji kwa siku nyingi. Jirani mmoja alisimama uani akauliza kwa sauti ya kusikika: “Baba Bura, umelishwa nini?” Paskali hakuacha kukoroga chungu. “Nimelishwa na yeye kila siku,” alijibu. “Sasa ni zamu yangu. Kaa, nawe nikulishe.” Yule jirani alikaa, akala, akaomba kuongezwa. Hayo hayakuandikwa katika wasifu. Waliandika kwamba marehemu “aliipenda familia yake,” maneno ambayo huandikwa kwa kila marehemu, hata wale ambao familia zao zinajua vinginevyo.

Kazi yetu ilikuwa juu, upande wa Ngorongoro, na kituo chetu kikubwa kilikuwa Nainokanoka. Tuliondoka asubuhi kwa Landrova ya ofisi, tukapita geti, tukazunguka ukingo wa kreta ndani ya ukungu mzito kiasi kwamba dereva aliendesha kwa kutoa kichwa dirishani. Paskali alichanja ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu. Mimi niliandika. Ng'ombe walipita mmoja mmoja katika uchochoro wa miti, na mbele yangu palikuwa na meza ya kukunja na daftari lenye safu mbili: jina la mwenye mali na idadi ya mifugo. Siku ya kwanza alisimama mbele yangu mfugaji wa makamo aliyejifunga lubega nyekundu, jina lake Koinet.

“Ng'ombe wako ni wangapi?” nilimuuliza.

“Wapo.”

“Ninajua wapo. Ni wangapi?”

“Wapo wa kutosha kumaliza majani.”

Vijana waliokuwa wakiwaswaga ng'ombe walicheka. Nilipiga meza kwa kalamu na kusema kwamba serikali haiwezi kuandika “wapo” katika safu ya idadi. Paskali aliacha sindano, akaja akainama sikioni kwangu. “Karani, huku mtu hawahesabu ng'ombe wake kwa mdomo. Ukizitaja hesabu umemwita fisi. Yeye anawajua kwa rangi na kwa mama zao; akipungua mmoja atajua kabla wewe hujafungua daftari. Okota vijiti. Kila anayepita, weka kijiti. Jioni hesabu vijiti vyako. Vijiti si ng'ombe, hakuna atakayekulaumu.” Nilifanya hivyo mwaka mzima. Daftari langu lilikuwa safi kuliko yote katika ofisi ile, na lilisifiwa, nami nilipokea sifa hizo bila kutaja vijiti.

Safari yetu ya pili Nainokanoka baridi iliniingia kifuani. Nilitetemeka mezani hadi mistari ikapinda, kisha sikuweza kusimama. Landrova ilikuwa imekwenda kufuata barafu ya dawa, na isingerudi haraka. Koinet aliamuru nipelekwe kwake. Nililazwa katika nyumba ya mama yake, nyumba ya chini yenye giza na moto katikati, juu ya kitanda cha fito na ngozi. Bibi yule hakujua neno la Kiswahili. Alininywesha supu ya nyama iliyochemshwa na magome machungu, yenye mafuta yaliyoelea juu, na kila nilipogeuza uso alinishika kidevu kwa vidole viwili akaurudisha. Miguuni pangu alifungwa kondoo jike, mchanga, ambaye bado hajazaa, aliyezuiwa ndani kwa sababu mguu wake ulikuwa umeumia. Baridi ilipozidi aliniegemea, nami nilimwegemea. Siku nne tulilala hivyo, wagonjwa wawili wa bibi mmoja.

Nilipopona na gari kufika, Koinet alimtoa yule kondoo, akanikabidhi kamba. “Huyu amekuzoea,” alisema. Nilianza kueleza kwamba mtumishi wa serikali haruhusiwi, Paskali akanikanyaga mguu. Njiani, kondoo akiwa amelala kati ya viti, alinieleza. “Aliyekupa kondoo na wewe uliyepewa mmepata jina. Kuanzia leo usimwite Koinet. Mwite Pakerr, naye atakuita Pakerr. Ni kama kusema wewe wa kondoo wangu. Mimi nina mtu Endulen tunaitana Pakiteng, kwa sababu ya ng'ombe. Baba zetu walikuwa wakiporana ng'ombe hao hao, Karani. Sisi tunapeana.” Nilisema ni desturi nzuri sana. Ndivyo asemavyo mtu aliyekwisha kuamua kutoifuata.

Nilikuwa na kijitabu cha kanuni za utumishi, na wakati ule nilikiamini kuliko nilivyomwamini mtu yeyote aliyekuwa hai. Kifungu cha zawadi nilikisoma mara nyingi katika chumba cha mbegu, huku kondoo akilia uani na Bura akimlisha maganda. Nilikuwa katika muda wa majaribio. Nilimwona akilini mkuu wa ofisi akiuliza karani mpya amepata wapi mfugo. Paskali alipokwenda Mbulu kumwona mama yake, nilipata nafasi. Nilimpakia kondoo kwenye Landrova na kumpa dereva barua yenye kumbukumbu namba, iliyosema hivi: “Ninasikitika kukuarifu kwamba taratibu za utumishi haziniruhusu kumpokea mnyama aliyetajwa hapo juu, ambaye anarejeshwa kwako akiwa na afya njema. Tafadhali weka alama ya dole gumba kuthibitisha mapokezi.” Chini niliandika: “Nakala: Jalada.” Niliona nimefanya jambo la heshima. Nitasema kwa ajili ya kumbukumbu kwamba mwandiko ulikuwa mzuri.

Dereva alirudi na barua bila alama ya dole.

“Alimpokea kondoo,” alisema. “Barua akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kondoo. Akasema kondoo hajui kusoma.”

Paskali aliporudi kutoka Mbulu alimkuta Mama Bura uani, akauliza kondoo yuko wapi. Mama Bura alimwelekeza kwangu kwa kidevu. Nilimpa nakala ya barua. Aliisoma yote, pamoja na kumbukumbu namba, akaikunja vizuri kwa mikunjo yake ya awali, akanirudishia. Siku ile hakula, na nilijua, kwa sababu sahani ya Bura ililetwa peke yake.

Zamu yetu ya tatu Nainokanoka tuliandaa uchochoro wa miti, tukaweka meza, nami nikaokota vijiti. Hakuna ng'ombe aliyekuja. Tulikaa siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, tukiwasikia ng'ombe wakiita ng'ambo ya ukungu, karibu kabisa, huku barafu ikiyeyuka na dawa ikiharibika ndani ya kasha. Siku ya tatu Paskali alikwenda bomani peke yake. Aliporudi alikaa juu ya kasha lile.

“Hawana ugomvi na wewe,” alisema. “Wanasema mtu akirudisha kondoo amesema undugu umekwisha. Basi umekwisha. Wanasubiri serikali nyingine.”

“Serikali ni hii hii moja,” nilisema.

“Nimewaambia. Wamesema watasubiri.”

Mkuu wa ofisi alitaka maelezo kwa maandishi kuhusu dawa iliyoharibika, na alitaka jina. Nilikaa katika chumba cha mbegu na karatasi tupu. Nikiandika ukweli, kijitabu changu kisingeniokoa, maana kanuni zilinikataza kupokea zawadi lakini hazikuniagiza kuharibu zoezi la serikali, na mtu wa majaribio huondolewa kwa barua ya mistari mitatu. Jioni, kabla taa haijawashwa, nilimsikia Paskali akiingia jikoni. Mama Bura alikuwa akichambua maharage. Nilisikia mawe yakianguka moja moja kwenye bati. Waliongea Kiiraqw, lugha ambayo baada ya miezi minane niliielewa kwa kiasi cha kuomba maji na kusifu chakula. Lakini ndani ya maongezi yalijitokeza maneno ya Kiswahili, nayo yalikuwa ya Mama Bura. Karani. Majaribio. Onyo jaladani. Nilijiambia kwamba mambo ya ofisi hayana Kiiraqw. Kisha ikaja sentensi nzima, polepole: “Na watoto wako, je?” Paskali alijibu kwa sauti ya chini. Mawe yakaacha kuanguka kwa muda mrefu. Nilikohoa, ili wajue nimo. Baada ya hapo mawe yakaanza tena kuanguka kwenye bati.

Asubuhi Paskali aliniita uani. “Andika kwamba mimi sikuwapelekea wafugaji taarifa ya siku ya kuchanja.”

“Si kweli.”

“Ndiyo maana nataka uandike wewe. Una mwandiko unaoaminika.” Alicheka kidogo, kisha akaacha. “Wakikugusa sasa, unarudi ulikotoka na sanduku lako. Mimi nimekwisha thibitishwa. Wataniandikia onyo, na onyo haliumi. Tena ulikuwa mgeni wangu, Karani. Nilikueleza jina, sikukueleza kwamba halirudishwi. Kosa la mgeni ni la mwenye nyumba.”

Niliandika. Nilitumia mistari minne na sikufuta neno. Barua ya onyo ilitoka juma lile, na kwa kuwa nilikuwa karani wa masjala, niliifungua, nikaigonga muhuri wa mapokezi na kuiweka katika jalada lake kwa mkono wangu. Katika maisha yangu yote ya kazi ile mistari minne ndiyo maandishi pekee ya uongo niliyoyatia saini. Zamani nilikuwa nikijivunia kwamba ni pekee. Siku hizi naona kwamba mtu aliyejaza madaftari ya kweli mia moja na kuandika uongo mara moja tu, dhidi ya mtu aliyempa kitanda, hana cha kuwafundisha vijana wa kamati za mazishi.

Mwishoni mwa mwaka ule, barua yangu ya kuthibitishwa kazini ikiwa mfukoni, Paskali alinichukua tukapanda tena Nainokanoka, siku yetu ya mapumziko, kwa lori la magunia na kisha kwa miguu. Alikuwa ameniambia nisibebe karatasi. Koinet alikuwa amesimama nje ya boma akiegemea fimbo. Paskali alisalimia kwa Kimaasai, akaongea kwa muda, na katika maneno yake sikusikia jina langu wala cheo changu. Koinet alisikiliza bila kunitazama. Halafu aliingia bomani, akatoka akimkokota kondoo mwenye kilema kidogo cha mguu, na nyuma yake mwanakondoo aliyekuwa akijaribu kunyonya huku wakitembea.

“Wewe ulikuwa ukimwandikia barua,” Koinet alisema, “yeye alikuwa anazaa.”

Nilimwambia nimekosa. Nilisema kwa Kiswahili cha ofisini, kwa kuwa sikuwa na kingine. Alimsukuma kondoo kwa goti mpaka akanigusa, kisha akamrudisha zizini mwenyewe.

“Atakaa hapa, na watoto wake watakaa hapa. Wewe huna majani. Lakini ni wako. Umesikia, Pakerr?”

“Nimesikia, Pakerr,” nilijibu. Paskali aligeuka akajifanya anatazama hali ya hewa.

Msimu uliofuata ng'ombe walijaa uchochoro hadi tukachelewa kula. Zoezi lilitajwa katika taarifa ya ofisi kuwa la mfano, na mfano huo ukatajwa kwa jina langu. Nilihamishwa Loliondo, nikapanda daraja, nikahamishwa tena, nikapanda tena, na miaka mingi kabla ya kustaafu nilirudi Karatu nikiwa msimamizi wa masjala nzima. Onyo liliuma. Niliona orodha za kupandishwa vyeo zikipita mezani pangu, na mara mbili jina la Paskali lilikuwamo kisha likakatwa, na pembeni pakaandikwa: “Ana onyo.” Nilishika karatasi hizo mkononi. Nilijiambia kwamba kuondoa karatasi jaladani ni kosa la kinidhamu, kana kwamba kuongeza karatasi ya ukweli nako ni kosa. Paskali hakuwahi kulitaja jambo hilo. Kila Jumapili tulikunywa chai kwake. Jumapili moja alikuwa akimshauri Bura, ambaye tayari alikuwa mtu mzima na dereva wa watalii, asiache kazi kwa hasira baada ya kugombana na meneja wa loji. Bura alimjibu mbele yangu: “Mzee, wewe ulivumilia ukapata nini? Umebaki pale pale.” Paskali alimtazama mwanawe kwa upole, akasema, “Nilipata chai na watu wa kunywa nao.” Kisha akaninyooshea sukari. Nami nikachukua sukari.

Siku ya kuanua matanga niliomba kusema. Tulikuwa sebuleni, watu wa nyumbani tu: Mama Bura, watoto wake, mimi, na Koinet, ambaye sasa ni mzee sana na alikuwa amefika kutoka Nainokanoka ndani ya gari la mjukuu wake, akiwa na lubega mpya na kondoo mnono wa msiba. Nilisimama na karatasi ya wasifu. Nilisoma sahihisho la nne nililokuwa nimeliandika nyuma yake, lenye mambo yote: kondoo, barua, dawa, mistari minne, na saini yangu. Nilitaja kwamba wasifu uliposema “hakujaliwa bahati” ulipaswa kusema “alizuiwa na onyo lililotokana na taarifa ya uongo ya rafiki yake.” Sauti yangu haikutetemeka. Nimezoea kusoma hadharani.

Bura akasema, akiangalia sakafu:

“Baba mdogo, siku ile nilipomwambia Mzee kwamba amebaki pale pale, wewe ulikuwa umekaa kiti hicho hicho.”

“Nilikuwa nimekaa hapa.”

“Ukanywa chai.”

“Nilikunywa.”

Nilimgeukia mama yake, nikamwambia kwamba namwomba radhi yeye kwanza, kwa kuwa najua aliyabeba haya bila kuambiwa na mimi. Kwamba jioni ile niliyasikia maneno machache kupitia ukutani, yale ya ofisi ambayo hayana Kiiraqw, nikaelewa, nikanyamaza.

Mama Bura alinitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza, nikiwa na sanduku.

“Kiiraqw kina maneno ya kutosha, shemeji. Tangu lini kilinishinda? Yale niliyasema kwa Kiswahili ili uyasikie. Nilitaka utoke humo chumbani ukatae.” Alinyoosha kitenge magotini. “Nikangoja. Ukakohoa.”

Nimewahi kukaripiwa na wakuu wengi, wengine kwa maandishi, na sina kumbukumbu ya karipio jingine nililolistahili kwa ukamilifu kama lile.

“Nilimwambia baba yenu,” aliendelea, sasa akisema na watoto, “huyu hatatoka. Akaniambia, basi mwache, ni mbegu, haijaota. Nikamwambia mbegu gani hii inayokohoa.” Binti yake alicheka bila kutaka, kisha akalia, na baada yake wengine. Mama Bura alinisogezea kiti kwa mguu. “Keti, shemeji. Umechelewa, lakini umetoka. Mpe Bura hiyo karatasi.”

Nilimpa. Bura aliisoma tena mwenyewe, polepole, midomo ikicheza, hadi kwenye saini. Aliikunja, lakini hakuitia mfukoni. Alimgeukia mgeni wetu aliyekuwa akifuatilia yote kwa kutafsiriwa na mjukuu wake.

“Babu, na yule kondoo? Ilikuwaje?”

Koinet alieleza kwa Kimaasai, na mjukuu akatafsiri. Yule wa mguu mbovu alizaa miaka mingi. Binti zake walizaa. Katika ukame mmoja wengi walikufa, akabaki mweupe mwenye madoa masikioni, naye akaanza upya. Paskali alikuwa akipanda kila mwaka kuwatazama, akimweleza Koinet kwamba amekuja kwa niaba ya mwenye mali, ambaye ana kazi nyingi. Hilo sikulijua. Kondoo aliyeletwa msibani alikuwa wa uzao huo. Tulikuwa tumekwisha kumla, mimi nikiwa mmoja wa walaji.

Halafu, kwa mazoea ambayo kustaafu hakujayaondoa, niliiomba ile karatasi mkononi mwa Bura, nikafungua kalamu na kumwinamia yule mzee.

“Pakerr,” nilisema, “sasa wako wangapi?”

Koinet aliitazama kalamu yangu, akamtazama mjane wa rafiki yetu, na uso wake wote ukajikunja kwa kicheko kisicho na sauti.

“Wapo, Pakerr.”

Niliinamisha kichwa, na chini ya saini yangu, kwa mwandiko ule ule, nikaandika: wapo.